Mwanangu, baba yako hakuvumilia

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba tangu winchi iangushe mzigo ukampata mwenzenu, unapata usingizi wa saa mbili tu kila usiku, unawafokea vijana wako bila sababu, na mafundi wanakwambia ujikaze kisabuni, ujenzi si kazi ya watu laini. Kisha ukaniuliza: "Baba, wewe umekaa kwenye ujenzi miaka thelathini na hukuwahi kwenda kwa mtu yeyote. Ulivumiliaje?"

Sikuvumilia. Nilikwenda, nikawaficha.

Ulikuwa darasa la tano. Mwenzangu alianguka kutoka kwenye jukwaa wakati nimenyoosha mkono nimpokee ndoo. Kesho yake tukarudi, damu imefukiwa kwa mchanga, mnyapara akasema zege halisubiri. Tukamwaga zege. Tangu siku hiyo nikipita ghorofa ya pili jasho linanitoka viganjani hadi nyundo inateleza. Unaikumbuka sahani niliyoirusha ukutani? Mlidhani ni ukali wangu tu. Hata mimi nilidhani hivyo, kwa sababu nilijua mgonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni mtu anayelia, na mimi sikulia. Kumbe kwa wanaume wengi huzuni hutoka kwa mlango wa hasira, pombe, mgongo usiopona, na kufanya kazi bila mkanda wa usalama kana kwamba maisha hayana mwenyewe.

Zile Alhamisi nilizomwambia mama yako nina zamu ya jioni, nilikuwa kwa mshauri nasaha. Siku ya kwanza sikutamka neno. Nilikodolea macho mlango wake, haukukaa timazi, umeacha upenyo wa kidole kwa juu. Akaniuliza ningeurekebisha vipi. Nikamweleza bawaba, fremu na pima maji, robo saa nzima. Halafu akauliza, "Na lile jukwaa, lilifungwaje?" Nikaeleza vilevile, kifundi, bomba kwa bomba. Nilipofika kwenye ndoo, sauti ikakatika.

Hakuniita mwendawazimu. Kila Alhamisi tuliirudia siku ile kipande kwa kipande, na kazini nikapanda ngazi kwa hatua tulizokubaliana, mpaka mwili ukaacha kuiona ajali ile kama ya leo. Kuhusu pombe, alinielewesha jambo nililokuwa silijui: inakulaza upesi, kisha inakuamsha saa nane usiku na kukuachia usingizi wa vipandevipande. Baadaye daktari alinipa vidonge. Wiki mbili za mwanzo sikuona nafuu nikataka kuvitupa, lakini alikuwa amekwisha kuniambia kwamba dawa hizo huchukua wiki kadhaa. Ukipewa, usiache bila kumwambia aliyekupa.

Sasa linaloniuma. Fundi mwenzetu mmoja aliona nimebadilika, akanifuata wakati wa mapumziko akaniuliza, "Ulifanyaje?" Nikamjibu, "Nilijikaza tu." Miaka miwili baadaye alijiua, na makaburini kila mmoja wetu alikwepa kutamka neno hilo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 pekee watu wapatao 727,000 duniani walikufa kwa kujiua, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya maradufu ya kile cha wanawake. Mimi ninapoisoma hesabu hiyo namwona mtu mmoja, na vumbi la saruji kwenye nyusi zake. Sijui kama jibu la kweli lingembakiza hai. Aliniuliza uso kwa uso nami nikamdanganya, na wewe ukakulia ndani ya uongo uleule.

Basi nenda. Kama mshauri nasaha hapatikani karibu, anza kwa daktari wa kawaida. Mtajie usingizi, hasira na pombe kama unavyoripoti mashine mbovu: imeanza lini, inasumbua wakati gani. Siku hiyo ya kwanza muulize ni mambo gani yatabaki baina yenu na yapi hawezi kuyaficha, hasa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Ukitoka hujaridhika naye, tafuta mwingine. Fundi mmoja akikuharibia kazi huachi kujenga. Na likikujia wazo la kujiua, usingoje miadi. Nenda hospitali saa ileile, usikae peke yako, unipigie hata iwe usiku wa manane.

Wenzako wataongea. Wengine wanaongea kwa sababu na wao hawalali.

Mama yako nimemsomea barua hii jana usiku. Alikuwa hajui. Alinyamaza kitambo, akauliza kwa nini sikumwambia ili anisindikize. Sikuwa na jibu. Wewe niambie siku tu, nitakuja, nitakaa nje ya mlango mpaka utoke.

Baba yako