Umekalia maji ya mamako

*Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Mkomani, Lamu. Nilikaa Nairobi miaka tisa nikifanya hesabu katika kampuni ya watu. Mkataba ulipokwisha nikarudi kwa mama, na tangu hapo sijijui mimi ni nani. Rafiki yangu aliniambia nikae na maumbile, nitajipata. Basi kila alasiri naenda Shela, napanda vilima vya mchanga, natia visikizio masikioni nasikiliza mafunzo ya utulivu huku naitazama bahari. Mwezi wa pili huu, sioni kitu. Bahari yenyewe imekuwa kama picha ya kalenda. Mjomba wangu wa Matondoni ameniita mara mbili nikamsaidie kutia jahazi kalafati, nikamwambia bado natafuta utulivu. Je, moyo wangu umekufa?*
*Aliyepotea Kwao*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Moyo uliokufa hauandiki barua ndefu kiasi kile. Nimeikata nusu ndipo ikaenea hapa.

Kabla ya yote nijibu hili: jana ulioga maji ya wapi? Mji wetu unakunywa maji ya visima vya Shela. Mvua ikinyesha juu ya vile vilima, mchanga unaimeza, maji yanashuka taratibu, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu yake huko chini bila kuzama. Ndiyo maana watu wa hapa hukasirika wakisikia mtu anataka kujenga juu ya ule mchanga. Kwa hivyo miezi miwili umeyakalia maji ya chai ya mamako, huku umeziba masikio, unauliza una uhusiano gani na maumbile.

Sikucheki. Haya, nakucheka kidogo.

Wageni wanaokuja Shela na mikeka yao ya yoga sina ugomvi nao. Mmoja alinionyesha namna ya kuvuta pumzi nikilemewa na pumu, na nikafaidika. Lakini mgeni amekuja kupumzika, atarudi kwao. Wewe uko kwenu, na mtu haketi kwao akasubiri kuguswa. Kwao kuna kazi.

Nikwambie yaliyonipata. Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi 4 na siku 10. Nilipotoka, nilikuwa kama wewe: natembea, nala, lakini sijui ni nani anayekula. Watu walinipa mawaidha mengi mazuri, nimeyasahau yote. Wifi yangu hakunipa hata moja. Alikuja siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, na visu viwili vikuukuu na kikapu, akaniambia, "Twende, maji yanatoka, chaza hawatungoji." Tukaingia matope hadi magotini. Chaza wa huku wameganda kwenye mizizi ya mikoko, na ukimbandua vibaya anakukata yeye. Nilikatika kidole, maji ya chumvi yakaingia, nikapiga kelele. Wifi akacheka, nami nikacheka. Ndipo nikatanabahi kwamba saa mbili nzima sikujiwaza hata mara moja. Nilikuwa nawaza maji tu: yatarudi lini, tumebakiwa na muda gani. Nilirudi nina kidole kimefungwa kitambaa na nina njaa. Njaa ya kweli, ya kwanza tangu msiba.

Sasa barua yako. Umeandika habari za Nairobi, za kilima, za bahari kama kalenda, na mjomba umempa mstari mmoja mwishoni, kama mtu wa kukusumbua. Mimi nimeusoma mstari ule mara tatu.

Unajua kalafati ni nini? Ni pamba inayosokotwa na kutiwa mafuta, kisha inashindiliwa kwa nyundo na patasi katika kila upenyo kati ya mbao. Mkono ukiwa mzito unaharibu ubao, ukiwa mwepesi maji yanaingia. Kwa hiyo unasikiliza mlio wa nyundo. Hapo visikizio havina kazi. Muulize mjomba pia habari za mataruma, ile mifupa ya ndani ya jahazi. Fundi hapindi mti kupata taruma. Huzunguka akitafuta mti uliojipinda wenyewe kiasi anachotaka. Yeye akitazama tawi anaona ubavu wa chombo. Wewe na mimi tunaona kuni.

Na ukiwa njiani kwenda Matondoni kwa mashua, muulize nahodha majina. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wengi wetu tunaita yote "mikoko" basi. Kuna mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi kama mzee aliyenyanyua kanzu isilowe. Kuna mchu, unaotoa vijiti vya kupumulia kwenye matope. Kuna mlilana, unaopenda kukaa mbele kabisa, usoni pa bahari. Rafiki usiyemjua jina ni mpita njia.

Jambo moja nilipitie upesi kwa kuwa hukulieleza: ikiwa hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje jahazi wala Shangazi. Mwambie mamako leo, nenda hospitali leo.

Kama si hivyo, mpigie mjomba usiku huu. Usimweleze habari za utulivu, atadhani unaumwa. Muulize anaanza saa ngapi na maji yatakuwaje, maana kila siku kujaa na kupwa kwake kunachelewa kama dakika 50, na aliyekaa mjini miaka tisa hesabu hiyo imemtoka. Vaa shati usilolipenda, yale mafuta hayatoki. Na ukikuta jahazi limeshatiwa kalafati, usirudi. Matondoni hapakosi chombo kingine kilicholala ubavu kikingoja mikono.