Kabla ya kumfundisha panya wako chochote, mwache aje mwenyewe

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mwenye panya dume anayemng'ata kila akiingiza mkono kizimbani. Nilidhani angeniuliza dawa ya meno hayo. Wapi! Alichotaka kujua ni namna ya kumfundisha kupita kwenye pete "kama yule wako". Ndugu yangu, panya anayekuona kama paka huwezi kumfundisha kitu. Pete zitangoja.

Yule wangu anaitwa Pilipili. Wiki iliyopita alipita kwenye pete tatu mfululizo mezani mbele ya wageni, kisha akaja moja kwa moja mkononi kwangu, sharubu zikimcheza, kudai chake. Watu wakapiga makofi, akiwemo jamaa yangu mmoja aliyewahi kuniuliza mbele za watu kama nimekosa mnyama wa kufuga mpaka nikaokota panya. Nakiri nilianza kazi hii kwa ubishi, kwa sababu ya maneno yale, na donge lake bado ninalo. Alipokuwa anapiga makofi nilimtazama tu, sikusema neno. Najua wengi mnaonisoma mna jamaa kama huyo.

Pilipili alipofika kwangu na dada yake hawakuonekana kabisa mchana. Usiku nikizima taa ndipo nasikia wanatafuna. Basi nikawa nakaa kando ya kizimba jioni, mlango wazi, mkono umelala pale kiganja juu na mbegu moja ya alizeti katikati. Siufuatishi, siuchezeshi. Pilipili alikuwa anakuja kwa namna ambayo kila mfuga panya ataitambua: miguu ya nyuma imebaki palepale, tumbo karibu liguse chini, mwili umerefuka kupita kiasi, pua mbele inanusa, tayari kurudi nyuma wakati wowote. Anachukua mbegu, anatoweka. Jioni nyingi zilipita hivyo, sina la kusimulia humo. Kisha siku moja hakutoweka. Alikaa juu ya vidole vyangu, akaishika mbegu kwa mikono yote miwili, akaimenya, akaacha maganda kiganjani kwangu kama mwenye nyumba. Hapo ndipo mafunzo yanapoanzia. Kabla ya hapo unajisumbua.

Kufundisha kwenyewe hakuna siri. Unahitaji sauti fupi isiyobadilika, mimi natumia kalamu ya kubofya, na chakula kidogo sana kitamu. Mwanzoni unabofya na kumpa, unabofya na kumpa, bila kumdai chochote, mpaka ukibofya tu anageuka kutafuta chake. Baada ya hapo sauti ndiyo inayomwambia, "Hicho ulichofanya sasa hivi ndicho." Akisogelea pete, bofya. Akiingiza kichwa, bofya. Akiingiza mabega, bofya. Akivuka mzima, bofya na umpe kipande kikubwa kidogo. Ukichelewa kubofya atakuwa ameshageuza shingo kukutazama, nawe utakuwa umemfundisha kugeuza shingo.

Njia hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kazi ya kunusa, kwa panyabuku wanaofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, panya wa kwanza kupata heshima hiyo. Alianza na sauti ya kubofya na tonge la chakula kama wako. Nilimtajia jamaa yangu habari hizo, akasema yule ni panya mwingine. Kweli, lakini akili ya kujifunza hata hawa wetu wanayo.

Sasa nisikilizeni. Acheni kuwashindisha panya njaa ili "wafanye kazi". Wafundishe jioni kabla hujawawekea chakula chao, wakati wenyewe wameamka. Hamu hiyo inatosha. Dakika chache, kisha acha angali anataka. Usimkimbize kizimbani kumkamata. Usimnyanyue kwa mkia kamwe: ngozi ya mkia huweza kuchunika, na ikichunika hairudi. Mwache aje mwenyewe. Usimpe chakula kwa kupenyeza kidole kwenye nondo za kizimba, maana ndivyo anavyojifunza kwamba kila kinachopenya pale ni cha kung'ata. Na usimpigie kelele. Narudia, mwache aje mwenyewe.

Wala zawadi si lazima iwe chakula. Mwaka 2019 watafiti wa Berlin waliwafundisha panya kucheza kibemasa na mtu, wakijificha na kutafuta kwa zamu, na malipo yao yalikuwa kutekenywa na kuchezewa tu. Pilipili akishachoka hunilalia mapajani, nikimkuna nyuma ya masikio anasaga meno polepole mpaka macho yanamtokatoka na kurudi. Mgeni huogopa akiona hivyo. Kumbe ndiyo raha yenyewe.

Kwa msomaji wangu mwenye dume: chunguza kwanza. Akiwa anajificha na kung'ata akibanwa kona, ni hofu, anza na kiganja na mbegu kama nilivyosema. Akiwa anavimbisha manyoya, anakuja ubavuubavu na kuwashambulia hata wenzake, huenda ni ujana wa dume, na kuhasiwa na daktari wa mifugo anayejua wanyama wadogo humtuliza mara nyingi. Kama anaishi peke yake, hilo nalo ni tatizo, kwani panya hawa ni wa kukaa na wenzao. Na usichelewe sana, umri wao ni kama miaka 2 hadi 3 tu.

Wenye vile vipanya vidogo, yaani aina nyingine kabisa, si watoto wa hawa wetu, subira yenu iwe mara mbili. Hivyo vinaogopa zaidi kushikwa, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa vikinyanyuliwa kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, au vikiingia vyenyewe kwenye bomba, hofu yao hupungua sana kuliko vikishikwa mkia. Weka bomba la karatasi gumu ndani ya kizimba, vilizoee, kisha vihamishe humo humo. Majike ya vipanya hivyo yakae pamoja. Madume yao mawili mazima msiyaweke kizimba kimoja, yatatoana damu.