Pikipiki ya safari haijaribiwi mbele ya duka

Ndugu mmoja wa Kisauni ameandika wiki hii. Anataka kuachana na pikipiki yake ya cc 150 achukue ya safari ndefu, na tayari ameipanda Himalayan ya Royal Enfield "kidogo" akaipenda. Kidogo chenyewe ni kutoka dukani hadi kipilefti cha kwanza na kurudi. Hapo hajajaribu kitu. Kwenye lami tambarare kila pikipiki ni tamu, na muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Kabla ya kuwasha, gusa injini. Ukiikuta ya moto, imewashwa mapema kwa ajili yako, na hutajua inavyoamka ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho asubuhi asiiguse. Halafu pima upepo kwa geji yako mwenyewe, uweke kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kifuniko cha cheni au kwenye kitabu cha pikipiki. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye matuta ukadhani shokamzoba ni mbovu. Lililopungua huufanya usukani uwe mzito, nawe ukasema pikipiki haikati kona. Watu wanakataa pikipiki nzuri kwa sababu ya upepo tu.

Kimo cha kiti ndicho kinachowatia watu hofu, na namba peke yake inadanganya. Himalayan ya cc 411 ina kiti cha milimita 800, V-Strom 650 ya Suzuki ina 835, Ténéré 700 ya Yamaha ina 875 na CRF300L ya Honda ina 880. Ukisoma hivyo utasema Honda ndiyo ndefu kuliko zote. Lakini CRF300L ina kilo 142 tu, springi zake ni laini, ukikaa inazama nawe, na kiti chake chembamba kinaacha miguu ishuke wima. Ténéré ina kilo 205 hivi na haizami kiasi hicho. Mtu wa kimo cha wastani anaweza kustarehe juu ya ile ndefu na kuhangaika na iliyo fupi kwa milimita tano. Kwa hiyo kaa, tena ukiwa umevaa buti zako za safari. Ukienda na ndara umepima kitu kingine.

Kuzama huko kupime kwa futi ya kamba, mkiwa watu watatu. Inueni pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka ekseli hadi bolti moja ya mkiani. Ishusheni, kaa juu yake na mzigo wako wote, miguu kwenye vikanyagio, mmoja akiishika isianguke, na mwingine apime tena pale pale. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokamzoba, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Himalayan ya 450 ina mwendo wa milimita 200 nyuma, hivyo tafuta kama 65. Ukipata 90, kaza springi. Ikiwa imekazwa hadi mwisho na bado inazama hivyo, springi hiyo haikuwezi wewe na mzigo wako, na gharama ya nyingine uiingize kwenye bei sasa hivi. Ukilipuuza jambo hili, mkia utakuwa chini, mbele pepesi, na kwenye mchanga usukani utatangatanga.

Sasa njia. Toka Makupa saa sita mchana upite Changamwe katikati ya malori ya kontena. Jua la Mombasa likiwa utosini na foleni haisogei, utajua feni ya rejeta inapuliza hewa ya moto wapi: pembeni, au kwenye mapaja yako. Miritini ingia barabara ya Dongo Kundu. Juu ya daraja la Mteza upepo wa baharini unapiga ubavuni. Legeza mikono uone kama kioo cha mbele kinaivuta pikipiki au inashika mstari. Kwenye barabara hiyo pana, panda kutoka 80 hadi 100 ukiwa gia ya juu bila kushuka gia. Ndiyo picha ya kulipita lori baada ya Mariakani. Himalayan ya 411 ina nguvu farasi 24 hivi, ile ya 450 ina 40, na tofauti hiyo utaihisi ukiwa na abiria.

Tokea barabara ya Likoni, shika Kombani, panda mlima wa Golini kuelekea Kwale. Simama katikati ya mlima uondoke tena: klachi ikinuka au injini ikizima, gia ya kwanza ni ndefu mno kwa mzigo wako. Kisha tafuta njia ya changarawe upande wa Kinango, usimame juu ya vikanyagio. Ukilazimika kuinama kuufikia usukani, mgongo hautafika Voi, sembuse Marsabit. Ukiwa kwenye mwendo wa 40, mahali peupe pasipo watu, funga breki ya nyuma, kwanza ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge) ikiwa inafanya kazi kisha ukiwa umeizima. Kwenye nyingi ABS hurudi yenyewe ukizima swichi. Usisahau hilo ukishuka kwenye mchanga.

Rudi kwa feri ya Likoni. Bamba la chuma la kupandia, limelowa, watu wamekuzunguka, unakwenda mwendo wa mguu: hapo uzito unajieleza. R1250GS ya BMW ni mashine nzuri mno na haina cheni ya kuliwa na mchanga, lakini ni kilo 249. Ilaze chini ukiwa na ruhusa ya mwenyewe, kwenye nyasi, uiinue peke yako. Usipoweza, usiinunue, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Kwa njia zetu za mchanga namshauri mwenye kusafiri peke yake asivuke kilo 200.

Siku hiyo hiyo panda pikipiki yako ya zamani kwenye njia hiyo hiyo. Bila hivyo unalinganisha mashine na kumbukumbu.

Iliyotumika hapa Pwani ina adui mwingine, chumvi. Vua kiti utazame plagi za nyaya. Unga wa kijani ni shaba inayoliwa, na umeme utakusumbua masika ikifika. Angalia vichwa vya spoki na bolti za diski. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Vuta cheni nyuma ya sproketi. Ikiachana na meno hadi nusu ya jino ionekane, cheni na sproketi zote mbili ni za kubadilisha.

Wapo wauzaji wanaomnyima mnunuzi zaidi ya kuzunguka jengo, kisha wanamlaumu akirudi kulalamika. Mpe muuzaji funguo za pikipiki yako kama dhamana, leseni yako ionekane, jaza mafuta mwenyewe, na hakikisha bima yake inamkubali dereva mwingine. Akikataa hata hapo, ondoka. Akikubali na ukaipenda, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku, na usimalize kulipa kabla hajaanzisha uhamisho kwenye eCitizen.