Jino limenyamaza, shingo imevimba: maswali yenu

Swali: Gego la chini liliniuma wiki mbili, likanyamaza lenyewe. Sasa nimevimba chini ya kidevu na mdomo haufunguki vizuri. Nimeanza amoksilini ya dukani, nimeze siku ngapi?

Jibu: Barua hii naipata kila mara, kinachobadilika ni jina la mwandishi tu. Acha kuhesabu vidonge, nenda hospitali leo hii. Jino halikupona, limekufa. Mizizi ya magego ya mwisho ya chini hushuka kupita msuli uliobeba ulimi, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa unaangukia shingoni. Uvimbe ukishika pande zote mbili za taya, ukawa mgumu kama ubao na ulimi ukainuka, huo ni ugonjwa alioueleza daktari Mjerumani, Ludwig, mwaka 1836. Unaua kwa kuziba pumzi. Ukiona unatokwa udenda kwa sababu mate hayamezeki, au sauti imekuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, usilale chali hata kama nesi anakuonyesha kitanda. Kaa wima.

Swali: Mume wangu ana jipu la shingo, siku ya tatu kwenye dripu ya antibiotiki, seftriaksoni na metronidazoli, na uvimbe unaongezeka. Wanataka kumpasua. Tusubiri kidogo?

Jibu: Msubiri nini? Dawa husafiri na damu, na ndani ya dimbwi la usaha hakuna mishipa ya damu. Wampige picha ya CT scan, wafungue, waache mpira wa kutolea uchafu. Usaha wa shingo hushuka hadi kifuani, na ukishafika huko mambo ni mengine kabisa. Halafu uliza sukari yake imesoma ngapi. Kuna watu wanaogundua kwa mara ya kwanza kuwa wana kisukari siku ya jipu.

Swali: Kukanda kwa maji ya moto na kuchua?

Jibu: Hapana.

Swali: Nina tezi shingoni, huu ni mwezi wa tatu sasa, haliumi, ila usiku natoka jasho.

Jibu: Kapime TB, na VVU pia. Asiliguse mtu na wembe, litakuachia kidonda kisichofunga.

Swali: Ni kweli jino haling'olewi mpaka uvimbe uishe?

Jibu: Nani anawafundisha haya? Hilo jino ndilo kisima chenyewe cha usaha. Daktari wa meno akisema litoke leo, litoke leo.