Jibu: Filamu za enzi ya Franco zina faida gani kwa mtafiti wa kumbukumbu?

Ndugu, umeuliza mtafiti wa kumbukumbu za Hispania, yaani anayechunguza jinsi watu wanavyoyakumbuka yaliyopita, ana haja gani na filamu za enzi ya Franco, dikteta aliyeitawala nchi hiyo hadi 1975, wakati zote zilipitia mikasi ya serikali. Haja anayo, tena kubwa, kwa sababu mikasi yenyewe ni ushahidi.

Chukua Mogambo, filamu ya Marekani ya 1953, iliyopigwa huku kwetu Afrika Mashariki. Mwigizaji Grace Kelly anacheza mwanamke aliyeolewa lakini anampenda mwanamume mwingine. Wakaguzi wa Hispania hawakutaka uzinzi kwenye skrini, na kwa kuwa sauti ziliingizwa upya kwa Kihispania, wakawageuza mke na mume kuwa kaka na dada. Watazamaji wakabaki wanaona ndugu wa damu wanaoishi kama wanandoa! Hofu ya utawala ule inaonekana hapo kuliko kwenye hotuba yoyote.

Kuna pia NO-DO, taarifa ya habari iliyolazimishwa kwenye kumbi zote za sinema kuanzia 1943. Kizazi kizima kilimwona Franco akizindua mabwawa. Makaburi ya halaiki ya waliouawa na upande wake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1936–1939) na baada yake hakikuonyeshwa.

Ila usiishie kwenye filamu. Jo Labanyi, mtafiti wa utamaduni wa Hispania, na wenzake waliwahoji wazee kuhusu kwenda sinema miaka ya 1940 na 1950. Naipenda sana njia hii. Mzee ukimuuliza habari za vita hivyo moja kwa moja anaweza kunyamaza, lakini muulize alienda sinema na nani, wakakaa wapi, tiketi alilipa nani, uone atakavyosimulia.