Mwanga hauna tungamo, unawezaje kuzungusha kitu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba momenta ya mzunguko ni umbali kutoka kwenye mhimili mara momenta (tungamo mara kasi). Mwanga hauna tungamo, tena husafiri moja kwa moja, kwa hiyo momenta yake yote inaelekea mbele. Inakuwaje vitabu viseme unaweza kuzungusha kitu? Na mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya nafasi na wakati, je? (Mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili)

JIBU: Marahaba. Suala la tungamo tulimalize haraka: momenta haidai tungamo. Mwanga wenye nishati E una momenta E/c (c ni kasi ya mwanga), na hiyo inatosha kusukuma kitu.

Ugumu uko kwenye sehemu ya pili, na hapo umeona jambo la kweli. Chukua mwanga ambao uga wake wa umeme unazunguka huku ukisonga mbele. Kama wimbi lingekuwa bapa na lisilo na mwisho, hesabu yako ingekuwa sahihi: kuzunguka mhimili wa safari ungepata sifuri. Ila wimbi la namna hiyo halipo duniani. Kila mwale una kingo, na kingoni milinganyo ya Maxwell (kanuni za msingi za umeme na sumaku) inaulazimisha uga uwe na sehemu ndogo inayoelekea mbele. Matokeo yake, nishati haiendi mbele tu, bali hutiririka kidogo kuuzunguka mhimili. Ukijumlisha mtiririko huo katika mwale wote unapata momenta ya mzunguko E/ω, ambapo ω ni kasi ya uga kuzunguka, kwa radiani kwa sekunde. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ina nishati ħω (ħ ni namba thabiti ya Planck ikigawanywa kwa 2π), basi inabeba ħ kamili, iwe ya mwanga mwekundu au wa buluu.

Mwanafizikia John Poynting alitabiri jambo hili mwaka 1909. Ni dogo mno: wati 1 ya mwanga wa kijani ikifyonzwa yote hutoa nguvu ya kuzungusha isiyofika nyutoni-mita 10⁻¹⁵. Hata hivyo Richard Beth aliipima huko Princeton, mwaka 1936. Alining'iniza kipande chembamba cha kwatzi kwa uzi wa kwatzi, akakipitishia mwanga, kisha akawa anageuza upande wa mzunguko wa uga kwa kufuata mdundo wa kipande chenyewe kinavyojisokota, ili kila msukumo uongeze uliotangulia. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote ya karne ile.

Iko pia aina ya pili ya momenta ya mzunguko ya mwanga, inayotokana na umbo la mwale wenyewe kujisokota kama skrubu. Les Allen na wenzake wa Leiden waliieleza mwaka 1992, na hapo fotoni moja inaweza kubeba ħ nyingi.

Mawimbi ya graviti nayo yanabeba momenta ya mzunguko, tena kwa wingi. Nyota mbili zikizungukana kwa njia ya duara kwa kasi Ω, mpangilio wake hujirudia kila nusu mzunguko, kwa hiyo wimbi linatoka na ω = 2Ω. Sheria za obiti zinasema nishati inayopotea ni Ω mara momenta ya mzunguko inayopotea. Weka ω/2 mahali pa Ω: momenta ya mzunguko inayotoka ni 2E/ω, mara mbili ya ile ya mwanga. Ndiyo maana tunasema gravitoni, chembe inayodhaniwa ya mawimbi hayo, ina spini (momenta ya mzunguko ya asili ya chembe) 2, ingawa hakuna aliyewahi kuinasa hata moja.

Nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) walizozigundua Hulse na Taylor mwaka 1974 zinaonyesha upotevu huo waziwazi. Hukamilisha mzunguko kwa saa 7.75, na muda huo unapungua takriban mikrosekunde 76 (sehemu 76 za milioni za sekunde) kila mwaka. Katika tukio lililonaswa tarehe 14 Septemba 2015, mashimo meusi mawili yaliungana na tungamo la takriban Jua 3 likaondoka kama mawimbi. Mawimbi hayo yalichukua sehemu ya momenta ya mzunguko ya obiti. Iliyobaki ililiachia shimo jipya likizunguka kwa takriban asilimia 67 ya kiwango cha juu kinachowezekana.

Kabla hujaendelea na graviti, kaa na karatasi uchukue mwale wa Gauss (unaong'aa zaidi katikati na kufifia kuelekea kingoni), utafute sehemu ya uga inayoelekea mbele, kisha ujumlishe mwenyewe. E/ω itatokea mbele ya macho yako.