Jibu: Bando la bila kikomo kwa familia, Moshi
Pole na uhamisho, dada. Umeuliza mtandao upi una bando la bila kikomo linalofaa nyumba ya watu watano pale Rau. Kabla ya kampuni, angalia mnara. Mimi niko Kibosho: sebuleni simu inasoma 4G vijiti viwili, nikitoka barazani vinakuwa vinne. Kuta za tofali zinakula mawimbi. Kwa hiyo azima laini za majirani, Vodacom, Airtel, Halotel na Yas, ile iliyokuwa Tigo hadi 2024, uzijaribu ndani ya nyumba saa mbili usiku, watu wote wakiwa mtandaoni. Kipimo cha alfajiri kitakudanganya.

Halafu hilo neno "bila kikomo" lichunguze sana. Mwaka jana nililipia bando la mwezi la aina hiyo. Siku ya 11 kasi ikaporomoka, mwanangu akawa anakodolea macho kiduara kinazunguka tu, na kesho yake ana mtihani. Kupiga huduma kwa wateja, naambiwa nimevuka kiwango cha matumizi. Iliniuma, kwa sababu dukani hakuna aliyenitajia. Uliza wazi: kasi inapunguzwa baada ya GB ngapi, na inabaki Mbps ngapi, yaani kipimo cha kasi? Video ya ubora wa juu, 1080p, inaweza kumaliza GB 3 kwa saa, kwa hiyo watoto waweke ubora wa chini, 480p.

Ila kama mkongo, yaani intaneti ya waya (fiber), umefika mtaani kwenu, achana na laini, vuta huo.